Shabiki wa Notre Dame hakuwa anajidanganya

Tarehe 31 Agosti 2025 Notre Dame, timu ya chuo kikuu kule Marekani inayocheza futiboli ya Kimarekani, walifungwa 27-24 na Miami, mechi yao ya kwanza kabisa ya msimu, na mashabiki wao wakaanza kuambiana tulieni jamani, timu ipo. Wakachekwa. Wiki mbili baadae wakafungwa tena, 41-40 na Texas A&M, tena nyumbani South Bend, na yeyote aliyeendelea kusema timu ipo akaonekana hataki kukubali ukweli. Mimi naona huyo shabiki alikuwa anaangalia mpira vizuri kuliko waliomcheka.

Chukua hiyo mechi ya A&M. Zimebaki chini ya dakika tatu, Jeremiyah Love kafunga, Notre Dame wako mbele 40-34, limebaki lile teke la pointi moja la nyongeza baada ya kufunga, ambalo watu wengi hata hawaliangalii, wanainuka kwenda kununua soda. Mpira ukarushwa nyuma, yule wa kuudaka na kuusimamishia mpigaji ukamponyoka mikononi, basi, pointi imepotea. A&M wakaja kusawazisha zimebaki sekunde 13, wakapiga teke lao likaingia. Kule Miami nako CJ Carr alikuwa anaanza mechi yake ya kwanza kama kwotabeki wa chuo, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ugenini, timu ikatoka nyuma mpaka 24-24, halafu ikaja kuuawa na teke la pointi tatu la yadi 47 imebaki kama dakika moja hivi. Pointi tatu na pointi moja. Pointi nne kwa mechi mbili, dhidi ya timu mbili ambazo zote ziliishia pleyofu, ule mtoano wa kugombea ubingwa wa taifa! Mtu akiangalia hayo akasema hii timu ni nzuri, anaota nini hapo?

Na kumbukumbu alikuwa nayo. Septemba 2024 Notre Dame hawahawa walifungwa 16-14 na Northern Illinois, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi, watu wakasema kocha Marcus Freeman msimu umemshinda, wiki iliyofuata wakampiga Purdue 66-7 wakashinda mechi 13 mfululizo mpaka fainali.

Wa upande wa pili wana hoja, na ni nzito. Ligi yetu ya soka hapa Tanzania kila timu ina mechi 30, ukiteleza unafidia, wale wana 12 tu na wanaoamua nani aingie pleyofu ni kamati ya watu wamekaa mezani. Notre Dame ndo wana hali ngumu zaidi kwa sababu kwenye futiboli hawamo kwenye konferensi yoyote, yale makundi ya vyuo yenye ligi yao, kwa hiyo hakuna ubingwa wa konferensi wa kuwaokoa. Halafu kuruhusu pointi 41 nyumbani si bahati mbaya, ni ulinzi mbovu, hilo nakubali kabisa.

Ila ulinzi ulirekebishwa. Walishinda mechi zote kumi zilizobaki, Arkansas walikula 56-13 kwao, USC wakafungwa 34-24. Yaani kila alichosema shabiki kuhusu timu kilitokea, kilichokuja kukataa ni kitu kingine kabisa, na hapa ndo watu wanachanganya mambo mawili, ubora wa timu na hesabu za kamati.

Maana Desemba 7 kamati iliwaacha nje Notre Dame wenye 10-2, yaani kushinda kumi na kufungwa mbili, ikamchukua Miami mwenye 10-2, ikasema Miami alimfunga mwenzake. Sawa, alimfunga, kwa pointi tatu. Lakini kamati hiyohiyo wiki zote za nyuma kwenye orodha yake ya ubora ilikuwa inamweka Notre Dame juu ya Miami, na wikiendi ile ya mwisho hakuna kati yao aliyegusa mpira! Kilichotokea ni timu nyingine, BYU, aliyekuwa katikati yao kwenye orodha, kufungwa na Texas Tech akashuka, wawili hawa wakabaki wanapakana, ghafla ile mechi ya Agosti ikawa na uzito. Alabama naye kapigwa 28-7 na Georgia wikiendi hiyohiyo na akabaki namba 9.

Kwa hiyo anayesema shabiki alitakiwa kukata tamaa tangu Agosti aniambie kwanza, matokeo ya Miami yalikuwa wapi Novemba nzima wakati kamati inamweka Notre Dame juu?