Chura ni jani?

Jirani yangu analima mpunga kando ya kijito kinachoingia mto Malaba, huku kwetu Tororo, Uganda. Msimu uliopita nilimkuta akisuuza bomba la dawa palepale mferejini, povu likishuka na maji. Nikamwambia, "Mzee, hapo unawamaliza vyura." Akacheka. "Kijana wangu, hii ni dawa ya majani. Chura ni jani?"

Siku ile nilikosa jibu. Sasa ninalo.

Chura hanywi kwa mdomo kama ng'ombe. Maji humwingia kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo hupumua. Mayai yake hayana ganda, ni utelezi mtupu. Dawa nyingi za magugu zenye glifosati huchanganywa na kitu kama sabuni ili zishike kwenye jani, na mara nyingi hiyo sabuni ndiyo inayoua viluwiluwi, kwa kuwaharibia mashavu wanayopumulia. Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani, Rick Relyea, alitia dawa ya aina hiyo kwenye madimbwi ya majaribio. Viluwiluwi walikufa karibu wote.

Atrazini, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi, nayo ina vituko vyake. Mwaka 2010 mtafiti mwingine wa Marekani, Tyrone Hayes, na wenzake walieleza kuwa katika kila vyura dume kumi waliolelewa kwenye maji yenye chembe zake, mmoja aligeuka jike. Watengenezaji walibisha, na hawakunishawishi.

Na mbolea je? Ikisombwa na mvua hustawisha mwani, mwani hulisha konokono, nao konokono hubeba minyoo. Huko Marekani minyoo hiyo imewaotesha vyura miguu ya ziada. Huku kwetu konokono wa majini ndio wanaotuletea kichocho, kwa hiyo anayedhani habari hii ni ya vyura peke yao aulize zahanati yoyote ya kando ya ziwa.

Tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe wa kijito chetu siku hizi wanakunywa kimya kimya.

Simlaumu mzee peke yake. Ana karo ya kulipa, na aliyemuuzia dawa hakumweleza lolote. Kinamasi chenyewe tulishakikausha nusu. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinataka mita 100 ziachwe kando ya mto Malaba, na mita 30 kwenye mito midogo. Ukimwambia mwenye nusu eka aache mita 30, umemwambia ahame. Mimi ningeanza na madogo: bomba lisuuzwe kwa ndoo, maji yake yamwagwe shambani, na mafunjo ya ukingoni yasifyekwe.

Nilimweleza hayo yote, akanisikiliza huku akitafuna muwa. Juzi akaja kuazima ndoo ya kusuuzia. Mpaka leo hajairudisha.