Afrika kwa K

Kosa lote lilianzia kwenye herufi moja, nayo ni K.

Naishi Nottingham. Ukitaka mchele uende Kyela, ukitaka wanajeshi wa plastiki uje huku: Warhammer makao yake ni hapa, na Bolt Action, mchezo wa Vita Kuu ya Pili ulioniponza mimi, nao ni wa hapa hapa. Aliyenivuta ni mzee mmoja wa Kiingereza tunayepiga naye zamu ya usiku ghalani. Kila Jumanne jioni yeye na wenzake, watu wazima wenye wajukuu, wanakutana ukumbini na dadu na tepu ya fundi wanapigana juu ya meza. Akaniambia, "Karibu, ila uje na jeshi lako."

Hapo alinigusa penyewe. Babu yangu mzaa baba, Msambaa wa Bumbuli, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, matope mpaka magotini, wanamfukuza Mjapani. Picha yake ipo sebuleni kwa baba mdogo mpaka leo: kaptula, kofia ya pama, na begani beji ya kichwa cha kifaru. Chini ya picha kuna kopo la Kimbo lenye medali yake, maana hela aliyokuwa akiisubiri kutoka Uingereza haikufika hata siku moja. Basi nikasema babu anarudi vitani. Nikatangaza kabisa kwenye grupu la ukoo la WhatsApp.

Dukani nikakuta rafu nzima ya masanduku ya jeshi la kuanzia. Mmarekani, Mrusi, Mjapani, Mwingereza. Nikawa napita tu, mara macho yakagota: AFRIKA. Kwa K! Siyo ile C ya Kiingereza. K, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Nikasema hawa jamaa wana heshima, wameandika Kiswahili. Neno la pili lilikuwa Korps, nalo kwa K, sikutaka hata tafsiri.

Sikuwa mjinga, nilikagua picha ya kifuniko kama mtu anayekagua kiwanja. Kaptula zipo. Ubavuni mwa gari kuna mnazi, Tanga hiyo. Kifaru kipo, cha chuma badala ya cha pembe, lakini kifaru ni kifaru. Kofia ya pama sikuiona, nikajua ni mambo ya upepo. Sura za wazungu niliziona, msidhani sikuziona. Nikasema hao ni maofisa. Keya maofisa wao si walikuwa wazungu? Na mzungu ukimwambia picha, lazima akae mbele.

Kijana wa kaunta akaniuliza kama nampenda Rommel. Tulikuwa tumetoka kuongelea rangi, kwa hiyo nikamjibu hiyo sijawahi kuitumia, nitaanza na ya bei nafuu. Akanitazama, akanipa risiti.

Risiti akaiona mama Zawadi.

"Baba Zawadi, hii ni mifuko 20 ya saruji." Nyumba yetu Korogwe imesimama kwenye linta, kwa hiyo siku hizi kila kitu hapa kwetu kinahesabiwa kwa mifuko.

"Ni babu huyo, mama Zawadi."

Akafungua sanduku. Ndani hamna askari hata mmoja! Kuna fremu za plastiki zilizoning'inia mikono, miguu na vichwa kama bucha siku ya sikukuu. "Na babu mwenyewe wamemuuza vipande," akasema, akarudi jikoni.

Wiki tatu nikawa naunganisha. Askari mmoja ana urefu wa milimita 28, kama kizibo cha soda ukikisimamisha, kwa hiyo kichwa chake ni punje ya mtama. Vichwa viwili vililiwa na mashine ya kufyonza vumbi. Kimoja kiliganda kwenye kidole gumba changu, nikapiga nacho zamu nzima ya usiku. Kuja kwenye rangi, nikanunua kikopo cha kahawia, nikawapaka mmoja mmoja, mashavu, magoti, masikio. Macho nilichora kwa ncha ya kijiti cha meno, lakini mkono ukawa unatetemeka, wote wakatoka na macho ya mtu aliyekatiwa umeme katikati ya mpira. Mmoja nikamwekea masharubu ya babu. Alitoka vizuri jamani, nisimnyime haki yake.

Jumanne ikafika. Nikawapanga mezani kwa mbwembwe. Watu wakasogea. Wakanyamaza. Yule mzee akavaa miwani, akamnyanyua babu kwa vidole viwili, akamgeuza huku na huku.

"Hawa ni Wajerumani," akasema polepole, kama daktari anayetoa majibu.

"Hapana. Hawa ni Wasambaa."

Hapo ukumbi ulipasuka. Kuna mmoja alilazimika kwenda kukaa. Mzee wa watu akanieleza kwa upole kwamba hilo ni jeshi la Hitler, lililotua Libya Februari 1941, kwamba Kijerumani nacho huandika Afrika kwa K, kwamba mnazi wangu ni mtende, na kwamba Rommel siyo rangi, ni jenerali wao.

Halafu akafungua sanduku lake. Jeshi la Nane la Mwingereza. Baba yake mzazi alipigana na hao Wajerumani El Alamein, Misri, 1942. Yaani babu yangu na baba yake walikuwa upande mmoja, sasa mimi nimekuja kumpiga kwa sare ya adui.

Tukacheza hivyohivyo. Kila kikosi kina dadu yake, zote zinatiwa mfukoni, mtu anaingiza mkono bila kuchungulia. Ikitoka rangi yako, unaamuru: piga, songa, kimbia, vizia, jipange au lala chini. Siku hiyo sijui mfuko ulikuwa na nini. Rangi yangu inatoka mfululizo, kila nikitupa dadu inakaa sita. Babu na masharubu yake akafyeka kikosi kizima cha Mwingereza nyuma ya ukuta wa kadibodi.

Simu ikaita. Baba mdogo, amechoka kusubiri picha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mzee yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa video. Akasogeza simu, akairudisha nyuma.

"Mbona baba kavaa kofia ya Mjerumani?"

Nikamsimulia yote, hadi ile K. Kimya kirefu, mpaka nikadhani bando limekata.

"Sasa hapo anampiga nani?"

"Mwingereza, baba mdogo."

"Anamshinda?"

"Mpaka sasa hivi, ndiyo."

"Mwache aendelee," akasema. "Bado anamdai."