Benchi la wazee nalo lilikuwa huduma muhimu

Sina ugomvi na amri ya kukaa nyumbani ya 2020 hapa Uganda. Korona ilikuwa inaua wazee kwanza, na serikali ilikuwa na haki ya kuogopa. Ugomvi wangu ni ile orodha ya huduma muhimu. Soko la chakula lilibaki wazi, benki pia. Mahali anapoishi mzee hasa hapakuwemo.

Chukua mzee wa hapa Bombo, wilayani Luwero, mstaafu wa jeshi. Alfajiri yuko msikitini, kisha kahawa, kisha mweso (mchezo kama bao) chini ya mwembe hadi adhuhuri. Hapo ndipo anapojua nani kaugua, nani kafiwa, nani anauza mbuzi. Tarehe 18 Machi Rais Museveni alitangaza kufunga nyumba za ibada, na siku ya mzee ikabaki tupu. Ramadhani ilipoingia Aprili, tarawehe zikasaliwa sebuleni. (Bibi naye kaongezewa mume wa kutwa nzima anayeulizia chai. Hilo nalo lihesabiwe.)

Usafiri uliumiza zaidi. Machi haikuisha kabla ya teksi, mabasi na hata magari ya binafsi kusimamishwa. Bodaboda zikaruhusiwa mizigo tu. Mgonjwa alihitaji kibali cha RDC, mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais. Sasa, presha na sukari hazipigi kelele. Nani atamsumbua mkuu wa wilaya kwa sababu vidonge vimebaki vitatu? Mtaani kwetu wazee walivibana: leo kimeze, kesho kiruke.

Aprili hiyohiyo Rais, akiwa na miaka 75, alijirekodi akifanya mazoezi ofisini ili watu wasitoke kukimbia barabarani. Tulicheka, na nilimpenda kwa hilo. Ila ofisi ile ina zulia na nafasi.

Halafu wajukuu. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022, na wazazi wengi wa Kampala waliwapeleka watoto kwa jaja, yaani babu au bibi. Nyumba zilichangamka, sikatai. Kuna bibi ambaye hajawahi kucheka vile. Lakini watoto hula. Msaada wa serikali, posho (unga wa mahindi) kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, ulianzia Kampala na Wakiso. Sisi wa Luwero tuliuona kwenye televisheni. Ile pesa ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipopelekwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80. Jaja wa miaka 68 mwenye wajukuu watano hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Ebola ya 2022 ilipoifungia Mubende na Kassanda, niliyawaza haya tena. Kukifungwa tena, dawa za presha zipitie kwa VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) hadi mlangoni, za miezi miwili kwa mpigo. Na wazee wanne waruhusiwe kukaa nje, kwenye upepo, wameachana mita mbili, barakoa usoni. Soko la Nakasero, Kampala, lilikuwa na watu wengi kuliko hao.