Kitabu Kilichochomwa Boston Kabla ya Kujibiwa

Mwezi Oktoba 1650, Baraza Kuu la Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, lililokuwa bunge na mahakama kwa pamoja, liliamuru kitabu cha William Pynchon kichomwe sokoni Boston kwa mkono wa mnyongaji. Pynchon hakuwa mgeni wala mzushi wa vichochoroni. Alihamia huko mwaka 1630 pamoja na waasisi, akaanzisha mji wa Springfield mwaka 1636, na alikuwa mjumbe wa baraza hilohilo. Kosa lake lilikuwa kudai kwamba Kristo hakubeba ghadhabu ya Mungu wala mateso ya jehanamu, bali aliwakomboa wanadamu kwa utii wake mkamilifu.

Wanaowatetea Wapuritani, yaani Waprotestanti wakali wa Kiingereza walioasisi koloni hilo, wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Walowezi hao hawakumwahidi mtu yeyote uhuru wa kuabudu apendavyo. Walivuka bahari ili wajenge jamii yenye agano moja, na mgogoro wa Anne Hutchinson, aliyehukumiwa kufukuzwa mwaka 1637, ulikuwa umewaonyesha jinsi mahubiri ya sebuleni yanavyoweza kuligawa koloni zima. Zaidi ya hayo, kitabu kilichapwa London huku mwandishi wake akiwa kiongozi wa Massachusetts, nao walowezi waliishi kwa hati ya kifalme iliyowapa mamlaka ya kujitawala, ambayo ingeweza kufutwa. Ndiyo maana baraza liliagiza tamko la kukikana kitabu lipelekwe Uingereza likachapwe huko. Pynchon mwenyewe hakufungwa. Alipewa muda wa kujirekebisha, na mchungaji John Norton akateuliwa kuandika majibu.

Hoja hiyo ya mwisho, ambayo huonekana kuwa ya kiungwana kuliko zote, ndiyo ninayoiona dhaifu zaidi. Jibu la Norton lilitoka mwaka 1653, wakati Pynchon alikuwa amekwisha kumwachia mwanawe John mali zake na kurudi Uingereza mwaka uliotangulia. Msomaji wa Boston alipewa majibu baada ya kunyang'anywa swali. Baraza lenye uhakika na mafundisho yake lingeweza kuanza na Norton na kumwacha mnyongaji apumzike, hasa likiwa la watu ambao Wapuritani wenzao wa Uingereza, akina William Prynne, walikatwa masikio London mwaka 1637 kwa sababu ya maandishi yao.

Hofu ya London nayo haikuwa na uzito unaodaiwa, kwa kuwa mwaka huohuo wa 1650 Bunge la Uingereza lilifuta sheria iliyowalazimisha watu kuhudhuria kanisa la parokia, na Henry Vane, aliyewahi kuwa gavana wa Massachusetts, aliandika kumtetea Pynchon. Uingiliaji waliouhofia ulikuja, lakini si kwa sababu ya ulegevu: baada ya Wakweka wanne, wafuasi wa madhehebu ya Kikristo yaliyopigwa marufuku huko, kunyongwa Boston kati ya 1659 na 1661, Mfalme Charles II aliagiza adhabu hizo zikome na washtakiwa wapelekwe Uingereza.