Trela la Kulala Watu Wanne, Mbwa Hakuhesabiwa

Jamani, nani aliyepanga kwamba mtu akitaka kupumzika lazima kwanza achoke? Mimi nilitaka kitu kidogo tu. Trela. Kijumba cha magurudumu mawili unachokifunga nyuma ya gari, unaondoka nacho, ukifika unalala humo humo. Miezi mitatu nachagua! Sasa hivi najua habari za ekseli kuliko ninavyoijua siku ya kuzaliwa ya mke wangu, jambo ambalo tayari limeshaitishiwa kikao.

Chanzo ni wanyama. Kila tukitaka kusafiri, nyumba ya wageni ya kwanza inasema mbwa hapana. Ya pili inasema mbwa sawa, ila awe mdogo. Ya tatu haina neno na mbwa, lakini paka watararua makochi. Sisi tunao wote wawili. Mbwa anaitwa Bosi, kwa sababu kila asubuhi yeye hutangulia na mimi hufuata nyuma nimeshika mfuko wa kuokotea alichoacha. Ana kilo 38. Paka anaitwa Shemeji, kwa sababu alikuja na mke wangu, hakuniomba ruhusa, na tangu siku hiyo ananitazama kama ananidai.

Mama Amina akasema, "Baba Amina, si tununue kijumba chetu wenyewe?" Alisema kwa upole. Ningejua upole ule unaelekea wapi, ningejifanya nimelala.

Basi nikaenda kwa muuzaji. Kijana mtanashati, maneno yanamtiririka. "Hili linalala watu wanne, mzee." Nikaingia kuwatafuta hao wanne watakakolala. Meza inashushwa, mito inapangwa juu yake, hicho ni kitanda cha wawili. Kule mwisho kuna kibao kingine cha wawili. Watu wanne wa namna gani, sijui. Labda njiti za kiberiti. Nikauliza, "Na mbwa?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza ndege inaegeshwa wapi.

"Mbwa... sakafuni, mzee."

Sakafu ipi? Meza ikishashuka, sakafu iliyobaki ni sawa na ubao wa kupigia pasi. Bosi akijilaza ubavu anahitaji zaidi ya mita moja, na hapo mkia bado haujapata kiti.

Nikarudi nyumbani na vipimo kwenye karatasi. Nikachukua chaki, nikasukuma makochi, nikalichora trela zima sakafuni sebuleni: mita 3.6 kwa mita 1.9. Hapa kitanda, hapa jiko, hapa friji, hapa choo. Nikamwita Mama Amina aje alale kwenye kitanda cha chaki. Akalala. Nikalala. Nikamwita Bosi, akaja akajibwaga katikati ya njia, miguu ndani ya jiko, kichwa kimepita ukuta kiko nje kabisa. Shemeji akaja wa mwisho, akakagua michoro yote kama mhandisi, akaketi juu ya choo.

"Sasa jifanye umebanwa haja usiku wa manane," Mama Amina akasema.

Nikajifanya. Hatua ya kwanza nikaukanyaga mkia wa Bosi. Bosi akaruka akapita katikati ya friji, Shemeji akapanda pazia, na Amina akafungua mlango wa mbele akamkuta baba yake amesimama kwa mguu mmoja ndani ya mistari ya chaki. Akaufunga taratibu. Mpaka leo hajauliza.

Ila nilichojifunza kwenye chaki ile hakimo katika kipeperushi chochote. Usiulize trela linalala watu wangapi. Uliza vitanda vyote vikishatandikwa, mlango umefungwa, taa imezimwa, sakafu gani inabaki na nani yuko juu yake. Sisi tulikuja kuona kwamba tunataka kitanda kisichokunjwa, kilichoinuliwa, chini yake pawe wazi. Hapo ndipo chumba cha Bosi. Anaingia mwenyewe kama simba pangoni, hakanyagwi, na mimi naenda chooni bila kuvunja nyumba.

Kuna yale madogo yenye umbo la tone la maji. Mazuri, nakiri! Mepesi, hata gari dogo linayavuta. Ndani ni kitanda tu, na jiko liko nyuma, unainua mfuniko unapika umesimama nje. Nikalipenda mpaka Mama Amina aliponiuliza mvua ikinyesha Bosi aliyelowa atakaa wapi. Mahali ni pamoja tu, napo ni juu ya shuka. Tone la maji likafutwa, tena kwa tone la maji.

Halafu ukaja uzito. Hapa ndugu zangu ndipo watu wanapolizwa. Muuzaji anakuambia trela lina kilo 750, gari lako linaweza. Hakuambii kwamba hizo 750 ni za trela likiwa tupu, limekaa dukani, halina hata kijiko. Ubavuni kuna kibati kinachotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. La kwetu liliandikwa 950. Nikachekelea: kilo 200 zote zetu! Nikakaa na kalamu. Tangi la maji lita 80, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo 80 zimekwenda kabla sijapakia soksi. Betri, 25. Mtungi wa gesi uliojaa, 25. Mfuko wa chakula cha Bosi, 15. Mchanga wa choo cha Shemeji, 10. Zimebaki 45 za magodoro, vyungu, viti, nguo na kile Mama Amina anachokiita "vitu vichache". Mkoba wake wa vitu vichache nimewahi kuubeba. Tumekubaliana maji tujaze huko huko tuendako.

Na huo uzito huuweki popote unapotaka. Ukiurundika nyuma ya magurudumu, pua ya trela inakuwa nyepesi, ukishika mwendo mkia unaanza kuyumba, unalivuta gari kulia, kushoto, kulia, mpaka dereva anakumbuka madhambi yake yote. Wajuzi wanapenda kama asilimia 10 ya uzito wa trela iegemee pale linaposhikana na gari. Kwa trela la kilo 900, hizo ni kilo 90 zimekaa kwenye mkia wa gari langu. Na nani mwingine anakaa nyuma ya gari langu? Bosi. Kilo 38 juu ya 90, halafu anahema.

Maana wanyama hawapandi kwenye trela likiwa njiani, hilo nisikilizeni. Mimi nilidhani ndiyo raha yenyewe: wao kule na godoro lao, sisi huku na redio. Kumbe kule hakuna anayewaona, trela linarushwa kuliko gari, kabati likifunguka sufuria linamwangukia mtu kichwani. Bosi anasafiri garini na mkanda wake wa kifuani, Shemeji ndani ya kikapu chake, akitukana njia nzima.

Joto ndilo halina utani, hata mimi hapo nanyamaza kidogo. Gari lililofungwa, nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ambayo wewe unaiita nzuri, ndani hufika kama nyuzi 34 kwa dakika 10. Nusu saa, zinapita 40. Mbwa hatoi jasho kama sisi; ana kijasho kidogo kwenye nyayo, mengine yote ni kuhema, na kuhema hewa ya moto hakumsaidii kitu. Kijumba cha bati juani nacho si kivuli. Muuzaji akasema kuna kiyoyozi. Sawa, kinatumia nini? "Umeme, mzee." Wa wapi? Betri ya kilo 25 haikiendeshi kiyoyozi mchana kutwa. Basi uwe mahali pa kuchomeka waya, au ununue jenereta, na umeme ukikatika wewe uko matembezini hujui. Kuna kidude kinachokaa ndani na laini yake ya simu, joto likipanda kinakutumia ujumbe. Mtandao ukiwepo! Kule porini tunakokimbilia utulivu, huo utulivu wenyewe ni kukosa mtandao. Tukaamua tulipo sisi na Bosi yupo, basi. Kwa hiyo tukachagua lenye feni ya darini na madirisha yanayofunguka pande zote mbili, upepo upite. Na wavu wa mlangoni uwe ule mgumu, kwa sababu ule laini Bosi aliupita palepale dukani akidhani hakuna kitu. Nikalipia wavu wa trela nisilolinunua.

Mengine nayataja mbiombio. Zulia: hapana. Muuzaji alilisifia, mimi nikaziona nywele za Bosi zikifumwa humo kizazi hadi kizazi. Tukachukua sakafu ya plastiki inayofutwa kwa tambara. Ngazi za chuma zenye matundu: Bosi akitazama chini na kuona ardhi kupitia ngazi, anagoma, na kilo 38 zinapandishwa kwa mikono ya baba. Na yale matrela ambayo ukibonyeza kitufe ukuta unasogea nje chumba kinapanuka, ni mazuri kwa asiye na paka. Paka hupenda kujichimbia kwenye upenyo kama ule. Kila ukitaka kuurudisha ukuta lazima kwanza umhesabu paka, na Shemeji hajawahi kuitika akiitwa.

La mpya likatushinda bei, tukaanza kutazama yaliyotumika. Tairi zinang'aa, kashata zake zote zipo, nikafurahi. Fundi mmoja mzee akanisogeza pembeni: "Soma hapa ubavuni." Tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. 1814. Yaani wiki ya 18, mwaka 2014! Tairi la trela huzeeka limesimama, jua linalikausha, uso unabaki kijana. Watu wa namna hiyo tunawafahamu.

Na lile lililofuata alilikataa Bosi. Aliingia, akanusa kona moja, akakaa, akainusa tena. Mwenyewe akasema, "Unaona, amepapenda!" Nikainua mkeka. Nikabonyeza sakafu kwa kidole gumba, kidole kikazama. Maji yalikuwa yanaingia darini kwa miaka, mbao imegeuka sponji, juu yake wamebandika karatasi ya maua. Tangu siku hiyo Bosi ndiye mkaguzi, na mshahara wake ni soseji.

Nilipokuwa nalalamika hivi, Amina akaniambia si mimi wa kwanza. Eti yuko daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Stables, ambaye mwaka 1885 alijengewa kule Bristol nyumba ya magurudumu ya kutembelea kwa starehe tu. Akaiita Wanderer. Akasafiri na mbwa wake mkubwa na kasuku. Nikasema afadhali, mwenzangu huyo! Kumbe lilivutwa na farasi wawili, alikuwa na mwendesha farasi, na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya watu kwamba dude linakuja. Mimi nina nani wa kutangulia? Nikirudi rivasi, unakata usukani kulia trela linakwenda kushoto, Mama Amina amesimama nyuma anapiga kelele "huku, huku!", na huku ni wapi hasemi. Halafu daktari yule hakuwa na Shemeji.

Haya, tumenunua. Kitanda kimeinuka, chini wazi, sakafu ya plastiki, mbao ngumu, tairi nimebadilisha zote. Wenye uzoefu wakasema kabla ya safari mlale nalo usiku mmoja uani, mjue kinachopungua. Tukalala. Saa nne usiku Shemeji akauchukua mto wangu. Saa sita Mama Amina akasema ameshajua kinachopungua, ni nafasi, akarudi ndani kwenye kitanda chake. Nikabaki mimi, Bosi anayekoroma, na Shemeji anayenikwaruza kila nikigusa mto.

Alfajiri nikatoka, shuka mabegani, macho mekundu. Jirani aliyehamia juzi alikuwa anamwagilia maua yake upande wa pili wa ua.

"Jirani! Umelala nje?"

"Kulala wapi. Shemeji hakuniacha."

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Shemeji?"

"Usiku kucha. Kaung'ang'ania mto wangu, nikimgusa ananikwaruza. Ona." Nikamwonyesha mkono.

"Na... yuko wapi sasa?"

"Humo humo, kajificha chini ya kitanda. Ataona aibu kutoka kukiwa na mgeni."

Mara mlango wa nyumba ukafunguka, Mama Amina akatokeza, kalala vizuri, uso unang'aa, kikombe mkononi. "Umeamkaje, Baba Amina? Usiku mlielewana na Shemeji?"

Jirani akamtazama yeye. Akalitazama trela. Akanitazama mimi na shuka langu. Akauweka chini mpira wa maji polepole, akaingia ndani kwake bila kuaga, na maji ameyaacha yanamwagika mpaka sasa hivi ninavyowaambia.