Ukisema "nyenzo", watakuuliza bei ya nondo

Kijana wa jirani yetu hapa Uyole, yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), alisema anataka kusomea uhandisi wa nyenzo, yaani kujifunza kwa nini vitu kama udongo, chuma na saruji huwa imara au dhaifu. Mama yake akadakia: "Yaani usome miaka minne, uje kuuza nondo soko la Mwanjelwa?" Nilicheka, ila nilimwelewa. Jina lenyewe halisemi kitu.

Mimi niko upande wa kijana. Kilichonivuta huko ni tanuru la mjomba wangu kule Mbarali, anakochoma matofali kwa pumba za mpunga. Likishapoa, mjomba huchukua matofali mawili akayagonganisha karibu na sikio. Yakilia ngii, kama chungu kizima, yanakwenda kwenye msingi. Yakitoa mlio wa kufifia, anajua moto haukuyafikia. Masika moja tu, yatarudi kuwa udongo.

Anachokisikia mjomba ndicho kinachofundishwa darasani. Moto ukikolea, chembe za udongo huanza kuyeyuka kingoni zikashikana, na vitundu vya kupitisha maji vinapungua. Ila mjomba hajui ni nyuzi joto ngapi, wala kwa saa ngapi. Kila akichoma, safu ya nje inaharibika, na hasara hiyo keshaizoea kama ushuru.

Halafu kuna Liganga, Ludewa. Vijiweni tunasema chuma kimelala pale kwa sababu ya mikataba. Sawa. Lakini mwamba ule una metali nyingine, titaniamu na vanadiamu, ndani yake, na titaniamu ikizidi katika tanuru la kawaida la kuyeyushia chuma, taka zinazoelea juu huwa nzito kama ugali, kuzitoa ni kazi. Hilo haliishi kwa kusaini karatasi. (Na kimondo cha Mbozi, ambacho wanafunzi hupelekwa kupiga nacho picha, ni mchanganyiko wa chuma na nikeli. Sijasikia mwalimu akianzia somo hapo.)

Kuhusu ajira sitamdanganya mama wa watu. Matangazo mengi ya kazi yanataka wahandisi wa ujenzi, umeme na mitambo. Kwa hiyo nilimshauri kijana aanze na uhandisi wa metali na uchenjuaji wa madini (kuyatenganisha madini na mawe), kwa kuwa Chunya dhahabu ipo, hayo ya matofali na saruji atayafuata akiwa ndani.

Mama yake akanitazama. "Na huo uchenjuaji nao, kaka, unauzwa soko gani?"