Tapeti Zimenyamaza, Hongera Fundi

Haya, pikipiki imetoka gereji jana. Ringi mpya, pistoni mpya, valvu, vile vilango vya kuingiza mafuta na kutoa moshi, zimesagwa, hesabu ya bosi ya wiki nzima imelala humo. Leo saa nne asubuhi, jua ndio kwanza linachoma, haiwaki. Kiki, kiki, kiki, mpaka abiria kashuka mwenyewe kwa aibu. Ikipoa inawaka mara moja kama haikufanya kitu. Ukiuliza, unaambiwa mafuta machafu.

Mafuta machafu! Nchi hii hata ndoa ikivunjika ni mafuta machafu.

Mkosaji ni ule ukimya wa tapeti, zile skrubu za kwenye roka, mikono inayosukuma valvu zifunguke. Mteja anakuja kuchukua chombo chake, mikono nyuma, anainama, anatega sikio kwenye hedi, kichwa cha injini.

“Fundi, mbona inagonga?”

“Inagonga wapi, bosi?”

“Hapa juu. Tik-tik-tik. Kwa pesa ile yote?”

Fundi anajua kabisa kwamba tapeti iliyopimwa sawa hulia kidogo. Ila pesa bado iko mfukoni mwa mteja. Basi injini ikiwa ya moto, hata mkono haugusiki, analegeza nati, anakaza skrubu robo mzunguko. Kimya.

“Eeeh! Hapo sasa!”

Wanaagana kama mashemeji, na valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, imeshahukumiwa.

Maana kitabu cha Honda CG125, mama wa hizi pikipiki za Kichina zenye pushirodi, vile vijiti vya kusukumia roka, kinataka nafasi ya milimita 0.08 kati ya tapeti na ncha ya valvu, valvu zote mbili, injini ikiwa BARIDI. Robo mzunguko inaimeza nafasi yote na kudai chenji. Valvu haikai tena kwenye kiti chake, na hapo kwenye kiti ndipo inapotolea joto. Haina pa kulitoa, inaungua, kompresheni inavuja, na wewe unabaki kupiga kiki mbele ya abiria. Ikilegea mno nayo ina ubaya wake: inafunguka ikiwa imechelewa, inafunga mapema, nguvu inapungua na ncha zinalika. Lakini angalau hiyo inapiga kelele, utajua.

Omba fila geji, vile vijani vya chuma vya kupimia nafasi, uone. “Alichukua jamaa mmoja.” Huyo jamaa ana fila geji za mkoa mzima! Badala yake kinaletwa kipande cha vocha. Mwenye huruma analeta wembe, ambao una unene wa milimita 0.1, na kusema kweli ndiye msomi wa pale.

Na kazi yenyewe si ya kwenda chuo. Acha injini ipoe, usiku kucha ukiweza. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha sumaku, zungusha mpaka alama ya T ilingane na ile ya kwenye bodi, halafu tikisa roka. Zote mbili zicheze. Hazichezi? Zungusha duru nzima tena, kwa sababu T inakuja mara mbili na moja ni ya uongo: pistoni iko juu, ndiyo, lakini valvu zimeachama. Ukipima hapo geji haipenyi, unalegeza, unalegeza, mwisho unafunga injini inayocheza ngoma. Jani lipite kwa kukwaruza kidogo. Shika skrubu isizunguke, kaza nati, PIMA TENA. Ile nati ina tabia ya kuondoka na skrubu, na hapa ndipo wengi wanaposhikwa na njaa na kwenda kula.

Halafu kuna kurudi. Gasketi mpya inajibana, hedi inashuka, valvu iliyosagwa inazidi kuzama kwenye kiti, na vyote hivyo vinakula nafasi. Kwa hiyo baada ya kilomita 500 pima upya. Mwambie deiwaka arudi gereji na chombo kinatembea! Atakuangalia kama umemwambia afunge mwezi wa nane.

Geji ikipatikana, jani la 0.08 ndilo limekatika, lilikuwa linasafishia plagi.

Na huyu mteja wa tik-tik-tik, hebu nielezeni. Bomba la ekzosi kalitoboa ili lingurume, kwenye tangi kafunga spika ya singeli, usiku mtaa mzima haulali. Tapeti aliisikia saa ngapi?